Mtoto Acheze Peke Yake au Ashindane?

Ndugu msomaji, ukitoka Kilosa mjini ukaifuata barabara iendayo Rudewa na Dumila, hutakwenda mbali kabla hujafika Chanzuru. Hapo ni kwa wakulima wa mahindi na mpunga, jirani na Ilonga penye kituo cha utafiti wa kilimo. Jioni moja nilikuwa nimeketi hapo chini ya mwembe nikiwatazama wazee wawili wakicheza bao. Watazamaji walikuwa watano, na kila mmoja alijiona hodari kuliko wachezaji.

Hatua chache kutoka mwembeni palikuwa na kibanda cha mabati. Ndani yake mlikuwa na televisheni mbili, na vijana wamejazana wakicheza kandanda ya kwenye mashine, ile waiitayo gemu. Kelele za goli zilipopanda, wazee waliinua vichwa, wakaguna, kisha wakarudi kwenye kete zao.

Mara akatoka mtoto wa kiume, miaka yake haizidi kumi na mmoja. Mkononi alikuwa na ndoo ndogo ya mahindi. Alisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Shikamoo, babu," alimwamkia mzee aliyekuwa karibu naye.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mashine ya kusaga imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Mbona basi mahindi bado ni mahindi?"

Mtoto aliinamisha kichwa. "Nimefungwa, babu. Mara tatu."

Hapo kila mtu akaelewa. Fedha ya kusagia ilikuwa imebaki kibandani, na nyumbani mama alikuwa akisubiri unga wa chakula cha usiku. Mtazamaji mmoja alitia mkono mfukoni ili amlipie, lakini mzee akamzuia. "Nani alikufundisha mchezo huo?" alimwuliza mtoto.

"Nimejifunza kwa kuangalia wenzangu."

"Basi umelipa ada ya shule isiyo na mwalimu," alisema mzee.

Maneno hayo sikuyasahau, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Wazazi wengi siku hizi wanauliza kama gemu ni nzuri au ni mbaya kwa watoto. Nadhani swali hilo ni pana mno. Lililo karibu zaidi na nyumba zetu ni hili: mtoto anapocheza, anacheza kwa ajili gani? Anacheza ili aufurahie mchezo wenyewe, au ili amshinde mwenzake? Na je, amekwisha kuwa tayari kushindana?

ANAYESHINDWA NDIYE ALIPAYE

Yafaa kwanza tukitazame kibanda chenyewe. Mwenye kibanda hulipwa kwa mechi au kwa dakika. Katika vibanda vingi wachezaji wamejiwekea desturi yao kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa, naye humwachia mwingine pedi na kurudi mwisho wa foleni. Aliyeshinda hubaki kitini.

Desturi hiyo yaonekana ni ya haki, kwa sababu haina upendeleo. Lakini fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kijana hodari, ambaye hana haja kubwa ya mazoezi, hucheza jioni nzima bila kutoa hata senti. Mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye haja ya kucheza sana ili ajue, hucheza dakika chache, akalipa, akachekwa, akasimama. Anayejua kidogo ndiye anayelipa zaidi na kucheza kidogo zaidi. Kama shule zetu zingeendeshwa hivyo, ni watoto wangapi wangejua kusoma?

Tena liko jambo la pili. Mtazame nani hayumo kibandani. Watoto wa kike ni wachache, pengine hakuna kabisa. Wao jioni wako jikoni au kisimani, na hata wakipata nafasi, mzazi gani angewaruhusu kujibana katika chumba kilichojaa vijana wa kiume? Mtoto wa kike akiupata mchezo wa aina hiyo, aghalabu huupata nyumbani, katika simu ya mama au ya kaka, tena akiwa peke yake. Kwa hiyo tunaposema kwamba kucheza peke yako ni upuuzi, mara nyingi tunaulaani mchezo pekee ambao binti zetu wanaweza kuufikia.

MCHEZO USIO NA MPINZANI

Wengi wetu wenye umri wa kutosha tumewahi kuucheza mchezo wa peke yetu bila kuuona kuwa ni aibu. Unaukumbuka mchezo wa nyoka? Kampuni ya Nokia ya Finland iliutia katika simu yake ya namba 6110 mwaka 1997, na baadaye ukaingia katika simu nyingine nyingi zilizofika mikononi mwetu. Nyoka hula, hurefuka, na mwishowe hujigonga. Watu wazima waliucheza ndani ya daladala, kwenye foleni ya hospitali, na usiku walipokosa usingizi. Hakuna aliyeshindwa isipokuwa nyoka mwenyewe.

Upo pia mchezo wa Tetris, uliotungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov huko Moscow. Vipande vya maumbo mbalimbali huanguka kutoka juu, na mchezaji huvipanga ili visiache nafasi. Mchezo huo hauna mshindi, kwa maana vipande huendelea kuanguka, tena kwa kasi inayozidi, mpaka mchezaji azidiwe. Miaka mingi ilipita watu wakiamini kwamba hakuna binadamu awezaye kuufikisha mwisho. Kisha Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Marekani, akiwa chumbani kwake, aliucheza mpaka mashine yenyewe ikakwama. Akawa binadamu wa kwanza kufanya hivyo katika Tetris ya mashine ya zamani ya Nintendo.

Kijana huyo alikuwa pia mshindani katika mashindano ya mchezo huo. Lakini ustadi wake hakuupata siku ya mashindano. Aliupata katika saa nyingi alizokaa peke yake, akikosea bila kuchekwa na akianza upya bila kumlipa mtu.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya mchezo wa peke yako. Mchezaji anaweza kujaribu njia ya kipumbavu ili aone itamfikisha wapi. Anaweza kusimama katikati akafikiri, maana hakuna anayemsubiri. Tena kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, mchezo wa namna hiyo ni pumziko. Mfanyakazi aliyeshindana siku nzima na mashine, na msimamizi, na msongamano wa magari, si lazima ashindane tena jioni ili aonekane ni mtu kamili.

BAO NALO LINA SHULE YAKE

Pengine utaniambia kwamba hayo ni mambo ya ugenini. Basi turudi chini ya mwembe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huanza kwa namua, akiingiza kete moja moja, na zikiisha mkononi huingia katika mtaji. Ni mchezo wa ushindani mkali. Mwalimu Julius Nyerere aliupenda, na kote pwani na bara wako wazee ambao heshima yao mtaani imejengwa juu ya kete.

Hata hivyo wahenga waliotuachia bao hawakumtupa mtoto moja kwa moja mbele ya fundi. Waliweka bao la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete mbili na mchezo huanza bila mizunguko ya namua. Mtoto hukaa nalo, akahesabu, akazungusha kete, akaona zinapolalia. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuandika kitabu juu yao mwaka 1995, alivutiwa hasa na jinsi wanavyohesabu kichwani safari ndefu za kete kabla hawajaigusa hata moja. Watazamaji hawawezi kumpa mtu uwezo kama huo. Huota polepole, katika utulivu wa mtu na ubao wake.

USHINDANI NAO UNA HESHIMA YAKE

La hasha, sisemi kwamba ushindani ni ubaya. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na maana yake ni kwamba kushindana kuna adabu inayofundishika. Mtoto anayecheza peke yake siku zote hajifunzi kumpa mkono aliyemshinda. Hajifunzi kushinda bila kujigamba, wala kusubiri zamu yake. Hayo hufunzwa na mtu mwenziwe, wala mashine haiwezi kuyafunza.

Ushindani waweza pia kumfungulia mtu mlango. Hapo jirani Kenya, Sylvia Gathoni, mcheza Tekken, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa iitwayo UYU, akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kupata nafasi ya aina hiyo. Habari yake ni ya kujivunia. Lakini mzazi asiichukue kuwa ahadi. Kwa kila anayesajiliwa, wako wengi mno wasiosajiliwa, na mtoto aliyeacha shule kwa kufuata jina la mtu mmoja atakuwa amecheza bao asilolihesabu.

FEDHA INAPOINGIA

Hatari ya kweli huanza pale mchezo unapokuwa njia ya kutafuta fedha. Mwaka 1958 mwandishi Mfaransa Roger Caillois aliigawa michezo katika mafungu manne, na mawili kati yake ni ya ushindani na ya bahati. Katika ushindani mtu hutegemea ustadi wake. Katika bahati hungoja kuamuliwa. Vijana wakiwekeana fedha juu ya mechi ya gemu, mafungu hayo mawili huchanganyika. Kijana hudhani anashindana, kumbe tayari anabahatisha, na kila akipoteza hurudi ili akomboe alichopoteza.

Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kubahatisha. Yafaa mzazi aijue sheria hiyo, na mwenye kibanda pia.

Wala mchezo wa peke yako hauna kinga. Kibandani walau kuna mechi inayokwisha na mlango unaofungwa. Simu haifungwi. Mtoto anaweza kuingia nayo kitandani, bando likaisha na usingizi nao ukaisha. Shirika la Afya Duniani limelitia tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Tazama kwamba dalili hizo hazichagui anayecheza peke yake wala anayeshindana.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi aujue mchezo wa mwanawe. Kaa naye nusu saa, mwambie akufundishe. Utajua mengi zaidi kuliko kwa kumgombeza mlangoni.

Pili, mtoto apate muda wa kujifunza bila kulipa na bila kuchekwa, na muda huo uwe na mwisho unaojulikana. Binti naye apewe muda wake sawa na kaka yake.

Tatu, anapotaka kushindana, ashindane kwanza na watu wampendao, nyumbani, ili kushindwa kwake kwa mara ya kwanza kusiwe mbele ya umati.

Nne, fedha isiwekwe kabisa juu ya mchezo wa mtoto. Na fedha aliyotumwa nayo ni ya nyumba, si yake.

Jioni ile pale Chanzuru mzee hakuruhusu mtoto alipiwe. "Tukimlipia leo, kesho atarudi na debe zima," alisema. Alimtuma nyumbani akamweleze mama yake ukweli, akamwagiza pia kwamba asubuhi aje mwembeni kabla ya wazee.

Kesho yake nilipokuwa nikingoja basi, nilimkuta. Alikuwa peke yake mbele ya ubao, kete mbili katika kila shimo, akihesabu kwa kidole. Sikumwuliza mama yake alisema nini. Aliniamkia, akachota kete, akazizungusha, akakosea, akazirudisha mahali pake, akaanza tena. Hakuwapo wa kumcheka wala wa kumdai.

Ndugu msomaji, ipo siku mtoto huyo atakaa mbele ya mpinzani, na pengine atafungwa. Lakini atakuwa anaujua mchezo, na baada ya kufungwa mchezo utabaki kuwa wake. Jioni ya leo mwulize mwanao swali hili, bila ukali: kama hakuna anayekutazama na hakuna cha kushinda, bado ungeucheza mchezo huo? Jibu lake litakuonyesha kama anacheza, au anachezewa.