Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mama mmoja, msomaji wetu wa Mombasa, ametuletea swali. Binti yake anasoma biolojia katika chuo kikuu huko Marekani, alikolelewa na shangazi yake. Badala ya kuja nyumbani likizo hii, anataka kukaa wiki kumi katika maabara ya utafiti wa saratani. Bibi yake, ambaye hajamwona kwa miaka mitatu, amenuna. Je, aruhusiwe?

Kwanza tuyaeleze mafunzo yenyewe. Vituo vikubwa vya saratani nchini humo, kama vile Fred Hutch mjini Seattle, hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza kila kiangazi. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mtafiti mlezi, akapewa suala la kulichunguza, na mwishoni akawaeleza wataalamu aliyoyapata. Hulipwa posho. Mengi ya mafunzo hayo yalianzishwa ili kuwafungulia mlango vijana wa jamii ambazo ni nadra kuonekana maabarani.

Sababu zipo. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, alifariki mjini Baltimore kwa saratani ya mlango wa kizazi. Seli zake zilichukuliwa pasi na ridhaa yake, na hadi leo hutumika katika maabara za ulimwengu. Jamii yake ilitoa mwili, wala haikuwa na msemaji mezani. Lakini mwaka 1964 Jane C. Wright, daktari mweusi, alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa waasisi saba wa jumuiya ya madaktari wa saratani nchini humo. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amefika hapa Kenya kuwatibu wagonjwa.

Wazazi wenye watoto huko na wayajue haya. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla ya kiangazi. Mafunzo yanayogharimiwa na serikali ya Marekani kwa kawaida huhitaji uraia au ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya masomo na aulize mapema. Aulize pia juu ya malazi, chakula, mahali pa kuswali, na namna ya kuvaa mtandio kwa usalama penye moto na dawa.

Tukirudi kwa mama yetu: alitudokezea kwamba mdogo wake alificha uvimbe wa titi kwa haya, hata alipofika hospitali tiba ikawa haifai kitu. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hakuacha kuuliza.

Rai yetu ni kwamba aruhusiwe. Ila habari hiyo bibi asiipate kwa watu. Binti ampigie simu yeye mwenyewe, amtaje marehemu kwa jina, na amweleze kwa Kiswahili anachokwenda kukitafuta. Twadhani bibi atafahamu.