Karata zilizotoka ndani ya kartoni ya vitabu

Kartoni ilifika shuleni kwetu imefungwa kwa kamba ya nailoni, imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni vitabu vya watoto. Ilikuwa zawadi ya watu wema wa Ulaya, na kama kawaida ya zawadi hizo, ndani mlikuwa na kila kitu: kamusi isiyo na jalada, vitabu vya hesabu vya zamani, kitabu kimoja cha kufundisha kupika keki, na chini kabisa kisanduku kidogo cha karata. Sisi walimu tulifikiri ni karata za kucheza tu, tukaziacha mezani. Kesho yake hazikuwapo.

Alizichukua msichana mmoja wa mwaka wa tano, wa miaka 11, anayeishi kwa mama yake mdogo. Hakutaka kuziuza. Alipenda picha. Alikaa nazo chini ya mti wa avoka akawaonyesha wenzake: mifupa ya mtu imepanda farasi mweupe, kijana ananing'inia kichwa chini, shetani mwenye pembe. Jioni ile ile kartiye nzima ilijua kwamba mtoto yule ana vitu vya usiku. Na mama yake mdogo alikuwa amezika kitoto chake kichanga mwezi mmoja tu mbele ya hapo. Wamama, mnajua jinsi akili inavyotafuta mkosaji wakati kama ule. Aliamua kumpeleka mtoto kwenye chumba cha maombi, afungwe siku tatu bila chakula wala maji.

Lazima tuseme tulichofanya sisi kwanza, na hakitupi sifa. Tulimnyang'anya mtoto karata, tukazifungia kabatini, tukamwambia asirudie. Tuliogopa. Diploma ya pedagojia haiondoi woga wa kartiye. Ni jioni, mwenzetu mmoja alipotuuliza kama mtoto amekula, ndipo tulipoamka, tukamfuata mama prezida wa chama chetu, tukaenda pamoja kwenye nyumba ile.

Tulianza na sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto kwa jambo hilo na mengine mengi. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Madamu, sheria haikunizikia mtoto. Niambieni vitu vile ni nini." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba juma moja. Alikubali, kwa shida, mtoto alale kwa mama prezida mpaka hapo.

Juma lile tulisoma na kuulizauliza kuliko wakati wa mitihani ya instituti.

Karata zile zinaitwa taro. Ni 78: 22 zenye picha kubwa na 56 zilizogawanywa katika familia nne, za vikombe, panga, fimbo na sarafu. Zilianza Italia ya kaskazini katika miaka ya 1440 hivi, na zilikuwa mchezo. Watawala wa Milano walichorewa za dhahabu, wakacheza kama baba zetu wanavyocheza dama. Wafaransa wanazicheza mpaka leo mezani baada ya kula, wakihesabu pointi. Habari ya kubashiri ilikuja nyuma sana. Mwaka 1781, kule Paris, bwana mmoja aitwaye Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizo zinatoka kwa makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote. Lakini watu walipenda maneno yake, na wauza bahati wakapata kazi. Kwa hiyo miaka zaidi ya 300 ilikuwa karatasi ya kuchezea, kisha mtu mmoja akaandika jambo, na sasa mtoto wa kartiye yetu anataka kunyimwa maji kwa sababu hiyo. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo.

Picha za kisanduku chetu zilichorwa na mwanamke, na habari yake ndiyo iliyotushika zaidi. Aliitwa Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878, wazazi wake Wamarekani, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, kisiwa ambacho watu wake wengi wana asili ya Afrika. Kule alisikia hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika ya magharibi, ndugu wa kalulu wetu kwa ujanja. Mwaka 1899 alizitoa katika kitabu chenye picha zake mwenyewe. Mama yake alikuwa amekufa, na mwaka ule ule baba naye akafa. Alibaki na kalamu.

Mwaka 1909 bwana aitwaye Arthur Edward Waite alimpa kazi ya kuchora karata zote. Mbele yake, karata nyingi ndogo zilikuwa na alama tu: fimbo kumi zilizopangwa, basi. Pamela akaweka watu. Kwenye fimbo kumi akachora mtu ameinama chini ya mzigo, haoni njia. Kwenye sarafu tano, maskini wawili wanapita ndani ya theluji, na juu yao dirisha la kanisa linawaka taa. Alichukua mchezo wa zamani akaufanya useme maisha. Alimaliza kazi kwa miezi michache, akalipwa pesa kidogo mara moja. Karata zikauzwa dunia nzima kwa jina la mchapishaji, Rider, na la Waite. Lake halikuwekwa. Alikufa Uingereza mwaka 1951 na madeni, na vitu vyake vikauzwa ili kuyalipa. Lakini alikuwa mjanja: katika kona ya kila picha aliacha alama yake ya herufi zilizosokotana. Itafuteni, ipo. Mama prezida, ambaye ameshona uniformu za shule miaka mingi bila jina lake kutajwa, aliitazama alama ile kwa muda mrefu.

Yuko pia Niki de Saint Phalle, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1930. Yeye hakuchora taro yake kwenye karatasi. Aliijenga kwa saruji, vioo na vigae vya rangi kule Toscana, sanamu kubwa kama nyumba, na miaka kadhaa alilala ndani ya sanamu ya malkia. Bustani ilifunguliwa kwa watu mwaka 1998.

Juma liliisha. Jumamosi tulitandika kikwembe chini, tukapanga karata mbele ya wamama wa kikundi. Mama mdogo wa mtoto alikuja akakaa karibu na mlango. Tuliweka kanuni moja: hapa hakuna anayemwambia mwenzake kesho yake. Mwenye kushika karata ndiye anayesema anachokiona.

Fimbo kumi ilipopita mikononi, kicheko kilitoka upande wote: "Huyu amebeba makala!" Mwenye kuuza sambaza alishika mwanamke anayefunga kinywa cha simba kwa mikono mitupu, akasema huyu ni yeye mbele ya watu wa takisi ya soko. Mama mmoja alikataa kugusa, akasali kwa sauti, akaondoka. Hajarudi, na hatumlaumu.

Kisha mama mdogo akanyoosha mkono. Ilikuwa panga sita: mtumbwi unavuka maji, ndani mwanamke amejifunika kichwa, mtoto pembeni yake, na panga zimesimama mbele yao. Aliitazama. Akatueleza usiku waliovuka ziwa na yule msichana, mama wa msichana akiwa amebaki nyuma, hana kaburi wanalolijua. Katika miezi yote hakuna aliyemuuliza walivyovuka. Hakusema kwamba mtoto si mchawi. Alisema tu: "Alikuwa na baridi, nikamfunika na kikwembe changu." Siku ile waliondoka pamoja.

Ndipo tukaanza kutengeneza za kwetu. Theluji si yetu, wala malkia wa Ulaya. Tulikata kartoni za sabuni kwa kipimo cha kiganja, watoto wakaleta kalamu za rangi. Na kumbe jambo lenyewe si geni katika Kongo. Kule Muanda, karibu na bahari, wanawake wa Kiwoyo walikuwa na mifuniko ya mbao ya chungu iliyochongwa picha, kila picha ikibeba mithali. Mwanamke mwenye neno juu ya mume wake hakupiga makelele. Alifunika chakula kwa mfuniko unaosema neno lile, mume akauona mbele ya wenzake anaokula nao, nao wakalazimika kulizungumza.

Tulidhani hadithi hiyo ni ya zamani mpaka mama mmoja alipochora kasa ya likelemba yenye kufuli, na funguo tatu zote katika mkono mmoja. Hakusema kitu. Aliiweka katikati ya kikwembe. Kashiya wetu aliiona, akakasirika, akasema anatukanwa. Nusu saa kelele. Jumamosi iliyofuata alileta daftari, tukahesabu pamoja: pesa zilikuwa sawasawa, ila deni moja la ndugu yake lililokuwa halijaandikwa. Sasa funguo zinashikwa na wamama watatu.

Tunazo karata 31. Maana zake hazikai mahali pamoja: sufuria tupu ilikuwa njaa, siku nyingine ikawa chakula kimekwisha kuliwa. Kifo tulibishana kama tumweke. Mjane mmoja alimchora kama kiti kitupu mezani, tukamwacha.

Msichana amerudi darasani. Yeye alichora dirisha lenye taa, lakini mlango wa nyumba ameuacha wazi. Nyuma yake, kwenye kona, aliandika jina lake lote.

Karata ziko shuleni ndani ya kopo la maziwa. Jumamosi tutaendelea saa nane. Mwenye kartoni ya sabuni asiiwashie moto, atuletee, na gundi imekwisha.