Rangi isiyochujuka ni somo la kemia

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani, hata hivyo, kitambaa huikanusha methali hiyo. Chema na kibaya hung'ara sawasawa, wala mnunuzi havitambui hadi siku ya kufua, maji yageukapo mekundu na shati jeupe lililomo beseni moja kuharibika. Mzazi hulaumu mwenye duka, naye mwenye duka hulaumu sabuni. Mkemia, ambaye ndiye mwenye jibu, haulizwi.

Pamba, kitani na reyoni zote ni selulosi, na selulosi hupenda maji. Kwa sababu hiyo rangi iliyoyeyuka majini huingia katika uzi kwa urahisi, lakini mlango iliouingilia ndio huo huo iutokeao. Mnamo 1884 Mjerumani Paul Böttiger aligundua Congo Red, rangi iliyoshika pamba bila ya dawa ya kuishikiza. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mshiko wake ulikuwa hafifu, na kila ufuaji uliidhoofisha. Mafundi wa nili walikuwa na hila ya kale zaidi: waliifanya nili iyeyuke, ikaingia katika uzi, kisha hewa ikairejesha katika hali isiyoyeyuka. Rangi ilifungiwa ndani, ingawa haikuungana na uzi.

Muungano wa kweli ulipatikana mwaka wa 1954, Rattee na Stephen walipokuwa wakifanya utafiti katika kampuni ya ICI nchini Uingereza. Rangi zao, zilizoitwa Procion, ziliingia sokoni mwaka wa 1956, miaka mia moja kamili baada ya Perkin kugundua rangi ya kwanza ya viwandani iliyopata soko. Molekuli yake ina pete yenye atomu za klorini. Maji yakitiwa alkali, kikundi cha haidroksili cha selulosi huishambulia pete hiyo, klorini ikang'oka, na rangi ikaungana na uzi kwa kifungo cha kovalenti. Kuanzia hapo rangi ni sehemu ya uzi wenyewe.

Alkali itumiwayo aghalabu ni kabonati ya sodiamu, yaani magadi. Wanafunzi wetu hukariri katika jiografia kwamba Ziwa Magadi hutoa malighafi ya kutengenezea kioo. Ni wangapi waliowahi kuambiwa kwamba magadi ndiyo yanayoifunga rangi kwenye pamba?

Isitoshe, somo hili lina upande wa pili. Maji nayo hushindana na selulosi, hivyo sehemu ya rangi huungana na maji na haiwezi tena kushika uzi. Sharti ioshwe kiwandani kwa maji ya moto. Kiwanda kikikwepa gharama hiyo, nguo itachuja nyumbani. Kikiosha na kumwaga ovyo, rangi pamoja na chumvi nyingi itumiwayo katika kazi hiyo itaishia mtoni. Ndiyo maana wakemia wamebuni molekuli zenye vikundi viwili vya kuungana, ili kimoja kikishindwa kingine kishike.

Kilio cha kufufua viwanda vya nguo nchini ni cha miaka mingi. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex, Eldoret, hatua iliyosogeza maabara karibu na kinu. Shule za upili nazo zaweza kuanza na vipande viwili vya pamba nyeupe, rangi ya aina hii na kijiko cha magadi. Kimoja kitiwe magadi na kingine kisitiwe, kisha vyote vifuliwe kwa maji ya moto. Walimu, jaribio hilo ni rahisi na halihitaji vyombo vya fahari. Mwanafunzi atakayeona kipande kimoja kikipauka na kingine kikibaki na rangi yake hatahitaji kukariri maana ya kifungo cha kovalenti, na huenda siku moja akawa yeye wa kuhakikisha kwamba nguo zetu hazichujuki wala mito yetu haigeuki rangi.