Shawa ya stima ikikupiga, usivumilie

Katika ploti nyingi za wadi ya Kware, sawa na jirani zetu wa Pipeline na Mukuru kwa Njenga, maji ya moto ya kuoga hutoka kwenye shawa ya stima. Maji ya mfereji huja kwa mgao, kwa hivyo wenye nyumba wengi hujaza matangi kwa maji ya kisima. Maji hayo mara nyingi huwa na chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi zaidi. Isitoshe, chumvi huila koili inayopasha maji.

Ndiyo sababu madukani kuna shawa za aina mbili: ya maji ya kawaida, ambayo koili yake huwa wazi ndani ya maji, na ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Ya pili ni ghali kidogo. Kabla ya kununua, muulize msimamizi wa ploti tangi hujazwa maji gani, na kama huchanganywa, nunua ya maji ya chumvi. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS.

Dalili ya hatari ni ule mwasho kama wa sindano unapogusa mfereji ukiwa umelowa. Wengi wetu huuzoea, tukavaa slipa za mpira na kuendelea kuoga. Slipa hazirekebishi chochote. Mwasho huo unaonyesha stima inavuja, na huenda waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano ambao mafundi huuita athi, haujaunganishwa au umekatika. Zima shawa na usiitumie tena hadi ikaguliwe.

Shawa ya wati 5,400 kwenye stima ya volti 240 huvuta zaidi ya ampia 22. Soketi ya ukutani imetengenezewa ampia 13. Kwa hivyo shawa isiunganishwe kwenye soketi wala waya wa taa. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi la stima, na swichi yake iwe nje ya bafu. Mwombe fundi aweke pia kifaa kinachokata stima mara inapovuja. Fundi awe na leseni ya EPRA, mwambie akuonyeshe. Stima ya kuvutwa kwa jirani kwa kawaida haina athi, na hapo shawa isifungwe kabisa.

Mpangaji huja na shawa yake, lakini waya zilizo ukutani ni za mwenye nyumba. Mjulishe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na kumbukumbu.

Utunzaji wenyewe si mgumu. Maji yakikatika, zima swichi, la sivyo koili inaweza kuungua. Matundu yakiziba kwa chumvi, zima stima kwenye boksi, fungua kifuniko na ukiloweke katika siki. Kabla ya kumwogesha mtoto, pima joto la maji kwa kiwiko.

Mtu akinaswa na stima bafuni, usimguse. Zima swichi ya nje au swichi kuu kwanza, ndipo umtoe, kisha piga 999 au 112. Nyaya zilizoanguka au zinazotoa cheche nje ya ploti, ripoti kwa Kenya Power kupitia 97771.