Tumbo Linalojaa Bila Kosa la Chakula

Tumbo linalobaki limejaa kwa majuma kadhaa, hata mlo ukibadilishwa, huwa limejazwa na gesi, choo, maji au uvimbe. Mganga huanza kwa kutafuta ni kipi kati ya hivyo.

Gesi inaweza kutokana na maambukizi. Katika Jorodom na vijiji vingine vya wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, maji yasiyochemshwa yanaweza kubeba jiadia, kijidudu kinachostahimili maji baridi kwa majuma mengi. Utafiti wa MAL-ED kuhusu lishe na maambukizi ya utumbo kwa watoto, ulioanza mwaka 2009 katika nchi 8, Haydom ikiwa kituo cha Tanzania, ulikikuta kijidudu hiki hata kwa watoto wengi wasioharisha. Hujibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kuzuia ufyonzaji. Mabaki ya chakula huchachuka na kutoa gesi. Mgonjwa hubeua harufu ya mayai viza, na choo chake huwa na mafuta. Kwa kuwa kijidudu hakitoki na choo kila siku, kipimo cha choo hurudiwa. Bakteria wa vidonda vya tumbo, *Helicobacter pylori*, huleta zaidi kushiba upesi na maumivu ya chembe cha moyo.

Choo hukwama kwa sababu ya dawa pia: vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, au mofini. Tezi ya shingo iliyozembea na kisukari cha miaka mingi hupunguza mwendo wa utumbo. Tumbo likivimba ghafla, choo wala ushuzi usitoke, huenda utumbo umejisokota; hiyo ni dharura ya upasuaji.

Maji hutokana na ini lililosinyaa kwa homa ya ini B au pombe, moyo au figo kushindwa kazi, au kifua kikuu cha tumbo, ambacho huja na homa za jioni na kukonda. Mgonjwa akilala chali, mganga hugonga tumbo kwa vidole: katikati hulia wazi, ubavuni hulia kwa sauti nzito. Akigeuzwa upande, sauti nzito huhama, kwa kuwa maji yamehama.

Uvimbe unaweza kuwa wengu uliovimba, fibroidi au saratani ya ovari. Mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku anahitaji ultrasaundi. Kukonda, damu chooni, homa, manjano machoni au kutapika mfululizo ni dalili za kwenda hospitali bila kungoja.