Abiria wa Tokyo na Mionzi ya Angani

Machi 2011, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 na tsunami viliipiga pwani ya kaskazini-mashariki mwa Japani. Majengo ya kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi yalipoanza kulipuka, shirika la ndege la Lufthansa liliacha kutua Tokyo na kupeleka ndege zake Nagoya na Osaka. Zilizorudi Ulaya zilipimwa mionzi. Abiria wengi walijiuliza: kuunganisha ndege Tokyo ni hatari?

Tuanze na hesabu. Mionzi kutoka anga za mbali huzuiwa na hewa. Ukiwa kilomita 10 juu, hewa ni nyembamba na kinga imepungua, hivyo katika njia za kaskazini abiria hupata takriban maikrosiverti 5 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa saa. Tarehe 15 Machi, siku mbaya kuliko zote mjini Tokyo, kipimo cha mtaa wa Shinjuku hakikufika hata maikrosiverti 1 kwa saa, tena kikashuka upesi. Yaani aliyekimbia Tokyo kwa ndege kwenda Ulaya alipigwa na mionzi zaidi njiani kuliko kama angebaki amekaa uwanjani kwa saa hizo hizo.

Hata hivyo, sioni kwamba mashirika yaliyosita yalikosea. Mionzi ya angani inakupitia na safari ikiisha, nayo imekwisha. Vumbi la kinu ni jambo jingine: lina iodini na sesiamu zenye mionzi, linavutwa puani, linatua kwenye mboga, linaingia majini. Wiki iliyofuata, maji ya bomba ya Tokyo yalikutwa na iodini hiyo kupita kiwango kinachoruhusiwa kwa watoto wachanga. Abiria wa kupita hana neno, lakini rubani na wahudumu wanalala hotelini, wanakula, wanaoga, na wiki ijayo wanarudi tena. Isitoshe, hakuna aliyejua vinu vingefanya nini kesho yake.

Kwa ndege, hatari kubwa ilikuwa juu ya kinu chenyewe, na serikali ilipiga marufuku ndege kupita ndani ya kilomita 30. Tarehe 17 Machi helikopta za jeshi zilikwenda kumwaga maji ya bahari, sakafu zake zikiwa zimetandikwa mabamba ya tangsteni kuwakinga marubani. Kwenye mita 300 hivi walipima takriban milisiverti 4 kwa saa. Kwenye mita 90, zaidi ya 80. Angalia kipimo: milisiverti moja ni maikrosiverti 1,000.

Kwa uchukuzi, pigo kubwa zaidi lilikuwa matope ya tsunami. Uwanja wa ndege wa Sendai, ulio karibu kabisa na ufuo, ulifunikwa na maji yaliyobeba magari, ndege ndogo na miti. Wanajeshi wa Marekani na Wajapani waliisafisha njia ya kurukia, na ndege za abiria zikarejea tarehe 13 Aprili. Mpaka hapo, sehemu ya mzigo wa misaada na wasafiri iliangukia uwanja wa ndege wa Fukushima, kilomita zipatazo 60 kutoka kwenye kinu, ambao ulikuwa wazi muda wote.