Nani Mwenye Dhamana ya Data ya Chuo?

Ukiyaweka sambamba matokeo ya sensa ya 2002 na ya 2012, utauona mkoa wa Shinyanga ukishuka kutoka watu takriban milioni 2.8 hadi milioni 1.5. Hapakuwa na vita, wala njaa iliyowafagia watu. Mwaka 2012 mkoa uligawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaingia Geita, mkoa mwingine mpya ambao ulimegwa pia kutoka Mwanza na Kagera. Mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kuchora mchoro mzuri wa kuporomoka kwa idadi ya watu, akautetea mbele ya jopo, na kila tarakimu aliyoitumia ikawa sahihi.

Hapo ndipo suala la data vyuoni linapoanzia. Mara nyingi likitajwa, vidole huelekezwa kwenye ofisi ya TEHAMA. Seva iko kwao na nywila wanatoa wao, kwa hiyo data inahesabiwa kuwa yao. Lakini fundi wa TEHAMA anaweza kulilinda jedwali usiku na mchana asijue kwamba safu iliyoandikwa “Shinyanga” ina maana moja kabla ya 2012 na nyingine baada yake. Hana sababu ya kujua. Kazi yake ni kuhakikisha jedwali lipo, halijaharibika na halifunguliwi na asiyehusika. Maana ya kilichomo ni kazi ya mtu mwingine, na vyuo vyetu vingi havijamtaja mtu huyo kwa cheo chake.

Chukua kumbukumbu za wanafunzi, jambo linalogusa kila familia yenye kijana chuoni. Taarifa za mwanafunzi mmoja hupita udahili, mitihani, uhasibu na dawati la mikopo, kisha hulinganishwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kumbukumbu za NIDA na za Bodi ya Mikopo. Usukumani jina moja huandikwa Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwandu kwenye cheti cha shule. Mifumo miwili ikikutana, mtu mmoja anageuka wawili, na mkopo unakwama. Kijana anazunguka: udahili wanamtuma TEHAMA, TEHAMA wanamrudisha udahili, uhasibu wanasema wao hupokea orodha tu. Si lazima kuwe na mzembe kati yao. Hakuna aliyeandikiwa kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema jina sahihi ni lipi, na kwamba wengine wote watalichukua kutoka kwake. Kwa maoni yangu mamlaka hayo ni ya msajili. TEHAMA watarekebisha kwa maandishi yake, na kila badiliko lionyeshe nani kalifanya, lini, kwa ushahidi gani.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanalielewa hili vizuri. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kuna mwenye leseni, mwenye duara, msimamizi wa shimo na karani wa daftari. Karani anahesabu mifuko ya mawe inayotoka, lakini mifuko si yake, na hawezi kuamua mgao. Mwenye leseni anaweza asishuke shimoni hata siku moja, lakini serikali ikija inamtafuta yeye. Chuoni, karani huyo ni TEHAMA, na mwenye leseni ni chuo chenyewe kupitia uongozi wake wa juu. Pengo liko katikati, kwa anayejua mawe haya yametoka shimo gani.

Pengo hilo linatisha zaidi kwenye utafiti kuliko kwenye orodha za wanafunzi. Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, watafiti walipima afya za watu 180 wa Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji huko Geita, wakawalinganisha na watu 31 ambao hawakuwa wakiishi na zebaki. Walichukua damu, mkojo na nywele. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2010. Wakati huo Rwamagasa ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza. Miaka miwili baadaye ikawa ndani ya mkoa wa Geita. Hivyo ndivyo maisha ya data ya utafiti yalivyo: yanapita muda wa mradi, muda wa mkataba wa mtafiti, hata mipaka ya mkoa. Mtu aliyekubali kutoa mkojo wake upimwe zebaki anastahili kuwa na ofisi ya kuiuliza baada ya miaka hiyo yote, yenye mlango na cheo, hata kama mtafiti aliyemhoji alishahama.

Sheria sasa inataka hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inasajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Kwa lugha ya sheria hiyo, chuo kinachoamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani ni mkusanyaji. Kampuni inayokihifadhia data, au maabara inayofanya kazi kwa niaba yake, ni mchakataji. Mchimbaji wa Rwamagasa ni mhusika wa taarifa. Taarifa za afya ni nyeti, na kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi. Taasisi inatakiwa pia kuwa na afisa ulinzi wa taarifa binafsi. Nina wasiwasi mmoja hapa: cheo hicho kikitupwa kwa mkuu wa TEHAMA kama jukumu la ziada, tutakuwa tumemfanya mlinzi wa ghala ajikague mwenyewe.

Hata afisa mzuri hawezi kuziba pengo la katikati peke yake. Fikiria jedwali lililofutwa majina yote, likabaki na mstari mmoja: mwanamke, miaka 41, mmiliki wa karasha ya kusagia mawe, ana maambukizi ya VVU. Ukiwa Dar es Salaam huoni tatizo. Kijijini, kama mwanamke mwenye karasha ni mmoja tu, umeshamtaja. Anayeweza kuliona hilo kabla jedwali halijatumwa kwa mshirika wa nje ni mtafiti mkuu anayekijua kijiji, na ndiyo maana dhamana ya maana ya data lazima ikae kwake na kwa idara yake. Yeye ndiye wa kuandika maelezo ya kila safu, kutenganisha orodha ya majina na majibu, na kusaini nani apewe nini. TEHAMA wanatekeleza, afisa wa ulinzi anakagua, uongozi wa chuo unawajibika.

Mahali ambapo mnyororo huu hukatika ni makabidhiano. Mwanafunzi wa uzamili anakusanya majibu kwa kishikwambi huko Kahama, anayahamishia kwenye kompyuta mpakato yake, nakala nyingine anaiweka kwenye flashi, nyingine anamtumia msimamizi kwa WhatsApp. Anahitimu, anapata kazi, anaondoka na vyote. Mwenzake anayesomea ushirika, aliyeandikisha wakulima wa pamba wa Shinyanga pamoja na ekari na namba zao za simu, anafanya vivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka, mhitimu huzungushwa na fomu: maktaba wanasaini kwamba amerudisha vitabu, bweni wanasaini, uhasibu wanasaini. Iongezwe safu moja ya idara, isainiwe na msimamizi wa utafiti: data imekabidhiwa, maelezo yake yameandikwa, orodha ya majina imefungiwa mahali pake au imefutwa kama ridhaa ilivyoahidi, nakala za binafsi zimeondolewa. Maktaba hawamwachii mhitimu akiwa na kitabu kimoja cha chuo mkononi. Kwa data za watu waliotoa damu yao, idara isaini kwa ukali uleule, na saini hiyo ikikosekana, cheti kisubiri.